Aliruka Mpaka Akatoka Nje ya Dunia

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua mama naye yuko hapo nyuma yako anasoma kwa juu ya bega, kwa hiyo shikamoo na yeye, asije akasema nimemruka. Mimi ni mzima kabisa. Kile kikohozi changu kimekaa, kimeona sina cha kukipa, kimeondoka chenyewe. Wasiwasi wangu uko kwako. Koo linasemaje? Usinitolee macho baba, najua halisemi. Nauliza kidonda cha operesheni kimefungaje, uji unapita au bado unakwama, na usingizi unaupata. Halafu ile skafu aliyokufumia mama usiivue, hata kama inawasha. Yeye mwenyewe anajua inawasha, ila haambiliki.

Nimeona nikuandikie kwa sababu simu imetushinda. Mara ya mwisho mama alikuwekea simu sikioni, nikaongea mimi, ukapumua wewe, nikaongea tena, ukapumua tena, mpaka salio likakata. Nikabaki nimeshika simu kama mtu aliyeshika samaki, sijui umecheka au umenuna. Barua ina nafuu. Humu tunakuwa sawa, wote wawili hatuna sauti.

Sasa baba, kilichonikalisha chini ni maneno ya kitindamimba wetu. Ameniandikia kwamba harusi yake imeshapangiwa siku, ukumbi umepatikana, nguo inashonwa, na wewe umekataa kwenda. Anasema ulichukua kile kibao cha chaki wanachokuandikia nacho, ukaandika kwamba baba asiye na sauti akasimame mbele za watu kufanya nini, halafu ukafuta kabla mama hajamaliza kusoma. Anasema amelia mpaka fundi wa nguo akamrudishia kazi, eti vipimo vimebadilika. Sijui kama ni kweli, unamjua mdogo wangu anavyoongeza chumvi, lakini kulia amelia. Kaniomba niseme na wewe. Mimi nikajiuliza, niseme nini, mtu ambaye tangu utotoni kazi yangu ni kuropoka? Halafu Jumamosi ile ile niliyopata ujumbe wake likatokea jambo. Kaa vizuri nikuhadithie, ni refu kidogo, na mwisho wake unakuhusu.

Kwanza nieleze kazi yangu vizuri. Nilipowaambia niko kwenye mambo ya filamu, mama alikimbia kumwambia jirani kuwa naigiza. Sikumkatalia, maana raha yenyewe ya kuwa mama ni hiyo. Ukweli ni kwamba siku za kazi niko barabarani. Mvua ikinyesha nauza miavuli, jua likiwaka nageuza meza nauza miwani, na kukiwa na mawingu tu nauza makava ya simu na kumlaumu Mungu kidogo. Lakini Jumamosi na Jumapili mchana niko kwenye banda la video la Mama Pazia.

Jina hilo amepewa kwa sababu pale hakuna mlango, kuna pazia jeusi zito, na yeye husimama hapo kama askari wa benki. Hupiti bila kulipa hata ukija umebebwa. Ndani kuna mabenchi, madirisha yamezibwa kwa maboksi, kuna feni moja inayozunguka kwa kubembelezwa, na mbele tivii kubwa imefungwa mnyororo kama mbwa mkali. Pembeni ya tivii kuna kreti la soda limepinduliwa. Hapo ndipo ofisini kwangu. Nakaa, nafungia maiki leso isipige miluzi, nashusha sauti ya picha mpaka chini kabisa, halafu natafsiri.

Kutafsiri ni kwa heshima tu, baba. Kichina sikijui hata cha kuombea maji. Kiingereza nacho, unakumbuka shule niliiachia wapi, nakijua kile cha kuuzia miwani. Mimi natafsiri sura za watu. Mtu akikunja uso namfokesha, akiinua kikombe namkaribisha chai, akichomoa upanga namuuliza mwenzake kama ameshaaga kwao. Kila mmoja ana sauti yake: steringi, yaani yule shujaa wa picha, adui, mama mwenye nyumba, hadi farasi. Na watu wanakuja kwa ajili hiyo. Picha zenyewe wanazo kwenye simu zao, lakini simu haiwezi kumwambia adui kwamba kichwa chake kinafanana na cha mwenyekiti wa mtaa.

Nje ya pazia anakaa mama mmoja muuza karanga, tunamwita Bi Karanga. Picha haioni hata moja, pazia limemziba. Yeye anasikiliza tu sauti yangu huku anafunga karanga kwenye vikaratasi. Mkumbuke huyo.

Basi Jumamosi hiyo tulikuwa na picha ya Kichina, ya zile za mapanga na mazingaombwe, diski mbili. Watu wamejaa mpaka wengine wamekaa kwenye mapaja ya wenzao, na hawajuani. Steringi ni binti mfagiaji wa hekalu. Wazazi wake waliuawa na mtu mmoja mwenye joho jeupe, ndevu zimechanwa vizuri, ukimwona unaweza kumpa binti yako. Binti anakwenda mlimani kwa mzee mwenye nyusi ndefu, anamwomba amfundishe upanga. Mzee anampa ufagio. Anamwambia fagia. Anafagia mwaka mzima, majani yanaanguka, anafagia tena. Kumbe ndani ya kufagia mna upanga wote. Jamani, binti yule alipokuja kupigana kwa ule ufagio wake! Anatembea juu ya ncha za mianzi kama wewe unavyotembea sebuleni. Mwanzi haukatiki, unainama tu kwa adabu. Diski ya kwanza ikaisha pale mzee amepigwa ngumi ya kifua na adui, na binti anajirusha kutoka kwenye jabali, chini hakuonekani, ni ukungu mtupu.

Mama Pazia akawasha taa, watu wakanyoosha miguu, nikaenda kuweka diski ya pili. Kava ni lile lile la Kichina, sikulitilia shaka. Nikabonyeza. Taa zikazimwa. Picha ikatokea, na baba, hakukuwa na mlima, hakukuwa na mianzi. Kulikuwa na nyota. Giza limetanda, nyota zimesambaa, na lidude la chuma kubwa kama mtaa mzima linapita taratibu.

Muuza diski alikuwa amechanganya. Alitutilia picha ya angani, zile za vita vya huko kwenye sayari, kwenye kava la Kichina. Na sikuwa na diski nyingine. Fundi Cheche, huyu ni mchomelea mageti, anakaa benchi la mbele kila wiki na anajiona ana hisa kwenye banda, akapaza sauti kuuliza kama hiyo ni milima au ni taa za disko. Wengine wakaanza kudai hela yao. Mama Pazia akaniangalia kwa lile jicho la kusema maiki ni yako, banda ni langu.

Basi nikashika maiki nikasema: naam, wapenzi watazamaji, binti yetu aliruka, akaruka, akaruka, kwa hasira alizokuwa nazo, akaruka mpaka akatoka nje ya dunia.

Fundi Cheche akasema haya, endelea, kwa sauti ya hakimu.

Na hapo ndipo nilipoona maajabu, baba. Ndani ya lile lidude la chuma akatokea binti. Amevaa suruali, amepaka grisi, na kazi yake ni nini? Anafagia chumba cha mashine! Nakuapia. Benchi zima likapiga kelele, yule pale, ufagio ule! Sikuhitaji kusema kitu. Mara akaingia adui, amenyoa upara, kidevu ni cha bati. Nikasema adui naye kaona ndevu zinamtambulisha, kanyoa. Wakacheka, wakakubali. Halafu tukasubiri mzee. Mzee akikosekana nimekwisha. Baba, mzee akatokea! Amekaa peke yake kwenye stesheni iliyoachwa huko huko angani, vyombo vya safari havisimami hapo tena, taa nyingine zimekufa, yeye amejifunika kofia ya joho, na amezungusha skafu mpaka puani kwa ile baridi. Nyusi ni zile zile. Watu wakapiga makofi kama wamemwona jamaa yao aliyetoka hospitali.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiziwaza hizo picha nikiwa barabarani na miwani yangu mkononi, hadi wateja wananipita. Ni picha moja, baba. Wale wa mapanga na wale wa angani ni ndugu wa tumbo moja, mmoja kahamia mbali tu. Angalia: kote kuna yatima asiyejua ana nini ndani yake. Kote kuna mzee anayeishi mahali pabaya, anayekataa kufundisha, halafu anafundisha. Kote adui alikuwa mwanafunzi wa mzee huyo huyo, akaona anacheleweshwa. Kote kuna nguvu isiyoonekana. Huku wanaiita pumzi, kule sijui wanaitaje, lakini unaivuta kutoka tumboni, unanyoosha kiganja, na jitu la kilo mia linakwenda kugonga ukuta. Kote bunduki zipo na hazipati mtu. Wamejaa askari, wanapiga risasi kama mvua, steringi anapita katikati na kijiti. Huko kwa Wachina ni upanga, huko juu ni mjeledi wa mwanga unaolia zzzzm, na sauti hiyo ilinichosha midomo mpaka nikaazima feni ya Mama Pazia, nikaisogezea maiki.

Na hoteli! Kote lazima mgeni aingie hotelini amefunika uso. Wote wananyamaza. Anaagiza kinywaji, hajakinywa, vita. Meza zinavunjika zote. Mimi hapo huwa simwangalii steringi, namwangalia mwenye hoteli, kajificha chini ya kaunta, na hakuna picha hata moja nimewahi kuona mtu anarudi kumlipa. Siku nikikutana na watengenezaji nitawauliza hilo kabla ya salamu.

Lakini masihara pembeni, nazihusudu picha hizo. Mtu katengeneza upande huu wa dunia, mwingine upande ule, na wote wakaona kwamba mtu mdogo akifundishwa vizuri anaweza kuruka. Joho likipepea vile, iwe ni upepo wa mlima au ni upepo wa wapi sijui huko ambako Fundi Cheche anasema hakuna upepo, mimi mwili unanisisimka. Wale waliotengeneza nawavulia kofia, na kofia yenyewe nimeiuza.

Turudi kwenye banda. Picha ikafika pale mzee anapoagana na binti. Binti anaondoka kwenda kupigana, mzee anabaki kwenye stesheni yake. Mzee anainua mikono, anaichezesha polepole, viganja vinakwenda huku na huku, na macho tu ndiyo yanaonekana juu ya skafu. Ujumbe wa kitindamimba ulikuwa kwenye simu, simu iko mfukoni, na mimi nilikuwa najaribu kutoukumbuka. Nikampa mzee maneno. Maneno gani, nitakuambia. Nikaona watu wanafuta macho. Fundi Cheche alikuwa amevua kofia. Mimi mwenyewe sauti ikataka kukatika, nikajifanya nakohoa, nikawaambia ni moshi wa mashine za chombo.

Ilipoisha watu wakatoka wanabishana, wanarukaruka, mmoja kapiga teke ndoo ya jirani. Hakuna aliyedai hela. Nilipotoka mimi, Bi Karanga akanivuta shati. Hakuuliza habari za nyota wala chombo. Kumbe yeye kule nje hakujua kama picha imebadilika! Kwake ilikuwa ni hadithi moja, imenyooka. Alichotaka kujua ni kimoja tu: yule mzee, aliyepigwa kifua kule mwanzo, amepona? Nikamwambia amepona. Akashusha pumzi. Akasema yule mzee ana sauti ya mtu aliyelea watoto. Akaniuliza kama ana mke.

Hapa mama aruke mistari miwili. Nilimwambia anaye, na ni mkali, na anafuma skafu.

Sasa, watu waliipenda mno, Mama Pazia akatangaza tutairudia Jumapili ya wiki inayofuata. Jumatatu nikaenda kwake kuiangalia ile ya angani kwa utulivu, nijiandae. Safari hii tuliiweka na sauti yake. Mama Pazia anamenya viazi, mimi nimekaa benchini kama mteja. Tukafika kwa mzee wa skafu. Nikasubiri nisikie ana sauti gani. Akainua mikono, akaichezesha, kimya. Nikaongeza sauti. Kimya. Unasikia mashine zinanguruma, unasikia nyayo za binti, mzee hana hata neno. Nikadhani spika imekufa, nikaipiga kofi. Mama Pazia akaacha kumenya. Akasema wewe kasuku, huyo mzee ni bubu.

Baba, ni bubu! Picha nzima hatoi neno! Ndiyo maana ya skafu: chini yake ana kovu, alikatwa koo vitani, wanalionyesha katikati, na mimi siku ile pale nilikuwa naizungusha feni. Nilimpa bubu hotuba! Nimetafsiri picha kwa miaka, nimewachumbisha watu na dada zao bila kujua, nimemwita mfalme muuza mkaa, lakini kumsemesha bubu mpaka watu wakalia, hilo lilikuwa halijanitokea.

Mama Pazia akacheka mpaka kiazi kikamponyoka. Mimi nikawa nacheka naye, halafu nikaacha, maana picha ilikuwa inaendelea. Ikafika karibu na mwisho, pale ambapo vyombo vyote vimekusanyika na watu wamejaa, wanataka kumsikia mzee kabla ya vita. Mzee anasimama mbele yao wote. Hana sauti, na anasimama. Kifua mbele, skafu shingoni, mikono juu. Na pembeni yake, hatua moja nyuma, amesimama binti mfagiaji. Mzee anachezesha mikono, binti anasema. Mzee anatulia, binti anatulia. Umati unamwangalia mzee, hakuna anayemwangalia binti. Sauti inatoka kwake, lakini maneno ni ya mzee, na kila mtu anajua ni ya mzee.

Siku ya Jumamosi, mimi mjinga nilidhani binti anamkatisha mtu mzima. Nilimfanya aombe radhi kwa umati kwa kuropoka mbele ya wakubwa.

Nilimweleza Fundi Cheche ukweli, nikamwambia Jumapili nitarekebisha, mzee nitamwacha kimya kama alivyo. Akaweka chini kifaa chake cha kuchomea, akapandisha ile miwani myeusi, akaniambia nikithubutu kumnyamazisha yule mzee hataniuzia geti maisha. Sina hata nyumba ya kuwekea geti, baba, lakini nilielewa. Akaniuliza ile sauti nimeitoa wapi, maana sauti zangu nyingine zote anazijua ni zangu, hata ya farasi, lakini ile ni ya mtu.

Na hapa ndipo ninapokuja kwako.

Ni yako. Sauti ya wazee wote ni yako. Mzee wa mlimani ni wewe, mzee wa kisima, mzee kipofu mwenye nyoka, mtawa mnene, na huyu wa stesheni ya angani, wote ni wewe. Tangu siku ya kwanza niliyoshika maiki, akitokea mtu mwenye ndevu nyeupe nashusha kidevu, nafungua kifua, nasema taratibu kama ulivyokuwa ukisema kwenye kile kipaza sauti cha stesheni yetu, kwamba treni imechelewa kidogo, abiria msiwe na wasiwasi, maji ya kunywa yapo upande wa kushoto. Nikiwa mtoto nilikuwa nakuiga nyuma ya benchi la abiria, ukaniita kasuku, ukaniambia kuiga hakujawahi kumlisha mtu. Nilikuwa naogopa kukuambia kwamba kunanilisha. Si kwa kuvimbiwa, lakini kunanilisha.

Na maneno niliyompa mzee wa skafu siku ile ndiyo uliyokuwa ukisema kila treni inapotaka kuondoka, ukitoka nje na kuinua mkono: anayesafiri apande, anayesindikiza ashuke, muagane vizuri, njia ni njema. Basi. Sikuongeza kitu. Ndiyo yaliyowavua watu kofia. Hivi ninavyokuandikia, mtaani kwetu Fundi Cheche akifunga karakana anawaambia vijana wake anayesafiri apande, anayesindikiza ashuke. Kinyozi anamwambia mteja aliyemaliza. Bi Karanga anawaambia kuku wake. Wewe umekaa huko na skafu yako unasema sauti imekwisha, na huku inazunguka mtaani inaingia hadi kwenye mabanda ya kuku.

Kwa hiyo nakuomba, baba, na ninakuomba nikiwa nimepiga magoti, mama ni shahidi ingawa hanioni. Nenda kwenye harusi ya binti yako. Simama. Vaa koti lako la stesheni, mama alipige pasi. Mimi nitakuja siku chache kabla, nitasimama pembeni yako, hatua moja nyuma, kama yule mfagiaji. Wewe utainua mikono useme unachotaka kusema, mimi nitakitoa, kwa sauti yako, ile ile, siyo ya masihara. Sitaongeza utani hata mmoja. Sawa, labda mmoja, kwa ajili ya mkwe. Midomo na sauti visipoenda pamoja usijali, katika kazi yangu havijawahi kwenda pamoja hata siku moja na watu hawajawahi kulalamika. Na kama siku yenyewe mikono itagoma, hutapata maneno, inua mkono mmoja tu, nitayajua. Mdogo wangu ndiye anayesafiri. Wewe ndiye unayesindikiza. Maneno yake umeshayasema maisha yako yote.

Hebu nifunge hapa, karatasi inakwisha na mvua imeanza, miavuli inaniita. Nisalimie mama, mwambie uji asiutie pilipili hata kama anaona inakupa nguvu. Nisalimie kitindamimba, mwambie afute machozi, nguo isije ikampwaya. Msalimie jirani pia, na mama amwambie nimepandishwa cheo. Mama Pazia anakusalimu, Fundi Cheche anakupigia saluti, na Bi Karanga amenipa pakiti ya karanga nikuletee. Nimemwambia huwezi kuzitafuna. Akasema nizisage.

Usinijibu kwa barua, wala usisumbuke na kile kibao. Nikitokea hapo getini na begi langu, nitasimama nje nikuangalie. Ukiwa umekubali, inua mkono, kama ulivyokuwa ukiiruhusu treni. Nitaanza kusema hapo hapo.

Ni mimi mwanao,
Kasuku